Barabara ya Endulen kwa Miguu

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliijua barabara ya kutoka Karatu kwenda Ngorongoro kwa makalio. Nilijua shimo lipi hurudi kila masika hata lizibwe vipi, kona ipi nyati hupenda kusimama, na mahali ambapo ukungu huanza ghafla mpaka unawasha taa saa nne asubuhi. Kwa miguu sikuijua kabisa. Mimi ni dereva wa watalii. Ndani ya hifadhi dereva hashuki ovyo, na nikirudi nyumbani nilikuwa nimechoka mno kwenda hata dukani bila gari.

Jumapili moja, baada ya matangazo ya ndoa, mwenyekiti wa kamati ya hospitali ya Karatu alisimama mbele ya kanisa letu akaeleza jambo. Hospitali ilitaka kujenga nyumba ya kusubiria. Wajawazito kutoka mbali, Kakesio, Endulen na kwingineko, wangekuja wiki chache kabla ya siku zao na kukaa karibu na wakunga, badala ya kungoja uchungu uwakute bomani ambako gari ni la kuomba. Ili kuchangisha, watu wangekimbia kutoka Endulen mpaka Karatu kwa siku mbili, na kila mkimbiaji angetafuta ndugu na marafiki wa kumwahidi mchango.

"Nani yuko tayari?" akauliza.

Nikanyoosha mkono.

Mke wangu aligeuka akanitazama kama vile nimejitolea kuimba peke yangu huku kwaya nzima ikisikiliza. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na tumbo lililokuwa likigusa usukani. Mara ya mwisho nilipokimbia ilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi.

"Sukari," nikamnong'oneza. "Daktari alisema nifanye mazoezi."

Ni kweli daktari alisema. Lakini hiyo haikuwa sababu.

Raba nilizipata mnadani, kwenye lundo la mitumba, baada ya kujaribu karibu jozi kumi. Aliyezivaa kabla yangu, huko Ulaya sijui nchi gani, alikuwa akikanyagia upande wa nje; soli ya kushoto ilikuwa imelika kama sabuni iliyoachwa majini. Wiki ya kwanza nilikwenda mwendo wake. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri nikapita njia ya nyuma, kati ya mashamba ya mbaazi, ili nisionekane. Nilionekana. Mama mmoja aliyekuwa akikamua ng'ombe alinyanyuka na ndoo mkononi akauliza kwa Kiiraqw kama kuna msiba. Kwetu mzee anayekimbia alfajiri anapeleka habari. Nilipomwambia nafanya mazoezi alicheka mpaka ng'ombe akasogea.

Siku ile sikufika hata kwenye lami. Nilisimama, mikono magotini, nikasikiliza moyo wangu ukigonga masikioni. Baada ya wiki tatu niliifikia lami. Baada ya miezi miwili niliweza kukimbia, kwa mwendo wa mtu anayesukuma toroli, mpaka kwenye mashamba ya kahawa yaliyo chini ya msitu, na kurudi. Kucha mbili zilikuwa zimekuwa nyeusi na mke wangu alikuwa ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wangu kwa msumari wa moto.

Kamati ilitupanga wawiliwawili ili tusikimbie peke yetu karibu na msitu, maana tembo hushuka mashambani. Mimi nilipewa nesi mmoja wa wodi ya wazazi, binti Mmasai wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Kakesio. Alikimbia akiwa amevaa sketi ndefu juu ya suruali ya michezo, mgongo umenyooka, bila kuhema.

"Shikamoo baba," alisema siku ya kwanza.

"Marahaba. Wewe ni mkimbiaji?"

"Hapana. Sipendi kukimbia hata kidogo. Nilitembea sana kwenda shule, nikajiahidi nikipata kazi nitapanda gari." Alikaza kamba za viatu. "Kamati walitaka mtu wa kule. Nadhani walitaka mtu wa kuvaa shanga kwenye picha. Nikasema sawa, wapige picha, nyumba ijengwe."

Nilimpenda kwa jibu lile. Tulikimbia pamoja kila Jumamosi. Aliongea huku anakimbia, nami nilijibu kwa "ndiyo" na "eh" kwa sababu pumzi haikutosha maneno marefu. Alinisimulia jinsi wanawake wa kwao wanavyokataa kuondoka mapema, si kwa ujinga kama watu wa mjini wanavyodhani. Mama akienda Karatu wiki tatu, atalala kwa nani? Atakula nini? Nani atakamua? Wengine wana ndugu mjini, wanalala sebuleni juu ya mkeka na tumbo la miezi tisa, na siku ya tatu wanaona aibu wanarudi.

"Halafu uchungu unaanza wakiwa njiani," alisema. "Nimewapokea wengi wa njiani."

Kila alipotaja njia, mimi nilitazama chini.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita tulipanda mbali kuliko siku zote. Kulikuwa na baridi na mvuke ulitoka migongoni mwetu. Tulikaa kwenye ukingo wa shamba la kahawa tukanywa maji, na pale, bila yeye kuniuliza chochote, nikamwambia.

Nilimwambia kwamba miaka sita nyuma, wakati wa masika, nilikuwa nikitoka Ndutu na wageni wanne wenye ndege ya kuwahi. Nilipofika kwenye njia panda, pale barabara ya Endulen inapokutana na barabara kubwa, alisimama mwanaume akiwa ameivua shuka yake ya rubega na kuinyanyua juu kwa mikono miwili. Nyuma yake, kwenye majani, alikaa mwanamke mjamzito, miguu mbele, na bibi mmoja alikuwa amepiga magoti akimshika mgongo. Nilipunguza mwendo. Mgeni mmoja aliuliza kuna nini. Nikamjibu kwamba wanaomba lifti, na kwamba kampuni hairuhusu kubeba mtu yeyote zaidi ya wageni. Yote mawili yalikuwa kweli. Nikakanyaga mafuta. Kwenye kioo nilimwona yule mwanaume bado ameinyanyua ile nguo, kama hajaamini kwamba nimepita.

Nesi aliweka chupa chini.

"Mwezi wa ngapi?"

"Wa nne, mwanzoni."

"Alikuwa anatoka damu?"

"Sikuona."

"Alikuwa analia?"

"Vioo vilikuwa vimefungwa."

Aliuliza kama anavyomuuliza mgonjwa aliyefika mapokezi, bila kupandisha sauti.

"Gari lenu lina redio," alisema. "Ya kuitana madereva."

"Lina redio."

"Ilikuwa nzima siku hiyo?"

Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa kwa miaka sita. "Ilikuwa nzima. Asubuhi hiyohiyo niliitumia kuwaambia wenzangu alipolala chui."

"Na getini? Ulipita getini."

"Nilikusudia kuwaambia askari. Kulikuwa na foleni, makaratasi, wageni wanatazama saa. Nikaondoka."

Alimwaga maji yaliyobaki kwenye chupa yake, akafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa, akaanza kuteremka. Sikuweza kumfikia. Nilimwona akizidi kuwa mdogo, kisha wekundu tu wa sketi kati ya miti ya mipakani, kisha hakuna.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

Nilikimbia peke yangu, kinyume na maagizo ya kamati, na nilikimbia vibaya. Mke wangu aliona. Jioni moja, tukiwa jikoni, yeye akichambua maharage, aliniuliza kama nimegombana na mtu. Nikamsimulia yeye pia. Kwa miaka sita tulilala kitanda kimoja na sikuwa nimemwambia.

Hakuacha kuchambua. Mtoto wetu wa pili, ambaye sasa ni mwanachuo, alizaliwa mimi nikiwa Serengeti. Mke wangu alipelekwa hospitali kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa anatoka Mang'ola na vitunguu, mtu tusiyemjua, aliyeshusha nusu ya mzigo wake kando ya barabara ili mke wangu apate nafasi ya kulala. Habari hiyo hutolewa kila mwaka nyumbani kwetu kama kichekesho, jinsi mtoto alivyonuka vitunguu.

"Yule wa vitunguu naye alikuwa anawahi soko," mke wangu alisema.

Akainuka akaenda kuosha maharage. Siku ya tatu aliniwekea uji wa ulezi mezani kabla sijatoka kukimbia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nianze, nami nikaunywa nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihofia nikikaa nitalia.

Siku hiyo nilikwenda hospitali. Nilimngoja nesi nje ya wodi ya wazazi, kwenye benchi ya wanaume wanaongoja watoto wao. Alipotoka alikuwa na aproni ya plastiki na macho mekundu ya zamu ndefu. Nilisimama.

"Nimekuja kusema nitajitoa," nikamwambia. "Kama hutaki kukimbia na mimi, mimi ndiye wa kutoka, si wewe."

Alivua aproni taratibu, akaikunja.

"Nilipiga simu nyumbani," alisema. "Niliwauliza mama zangu kuhusu masika yale. Wanakumbuka wawili waliokwama barabarani. Mmoja alijifungulia palepale kwenye majani, mtoto wa kike, wote wazima. Anachunga mbuzi sasa huyo mtoto. Mwingine walimfikisha Endulen wakiwa wamemrudisha kwa punda, akafa yeye na mtoto."

Akaibana aproni kwapani.

"Yupi ni wa kwako, sijui. Ningeweza kuendelea kuuliza. Mwanaume aliyevua rubega angepatikana, kule watu wanajuana. Lakini sitauliza, baba. Nikikuambia ni yule mzima, utapumua na kwenda zako. Nikikuambia ni yule mwingine, utataka nikubembeleze. Sina nafasi ya kufanya hivyo, nina watu humu ndani."

"Sikuja kubembelezwa."

"Basi kesho kutwa ni Jumamosi. Saa kumi na mbili. Usinicheleweshe."

Sijui kama ule ulikuwa msamaha. Sikuwahi kumuuliza, na kwa jinsi ninavyomfahamu, hakuwa na haki ya kunisamehe wala hakujifanya anayo. Tulirudi kukimbia. Hatukulizungumza tena jambo lile, ila alianza kunikimbiza kwelikweli. Mwanzoni alikuwa akipunguza mwendo kwa ajili yangu, sasa hakupunguza.

Kabla ya siku yenyewe nilifanya jambo moja ambalo lilinitia hofu kuliko kilomita zote. Madereva wa Karatu tuna mahali petu pa kuoshea magari na kunywa chai. Nilisimama pale asubuhi moja nikawasimulia wenzangu, wote wakiwa na vikombe mkononi, kile nilichokifanya pale njia panda. Nikaomba tukubaliane kitu kidogo. Kama mtu hawezi kubeba, aite kwenye redio, ataje mahali, na anayepita getini amwambie askari kwa mdomo wake.

Kisha mmoja, mwenye umri wangu, akasema, "Na kampuni ikikufukuza, wewe ndiye utanisomeshea watoto?"

"Kuita kwenye redio hakumfukuzishi mtu," nikajibu.

"Leo ndiyo unajua?"

Hilo lilinichoma. Alimwaga chai yake akaondoka. Lakini kijana mmoja wa kampuni nyingine alisema kwamba yeye alishawahi kumpita mtu pia, karibu na Malanja, mzee mwenye mguu uliovunjika. Mwingine akasema naye. Nilikuwa nimedhani niko peke yangu. Watu wanane hivi walikubali siku ile. Wengine walitikisa vichwa kwa namna ya mtu anayetaka uondoke.

Tulianzia Endulen asubuhi yenye upepo, wakimbiaji kumi na tisa, gari la askari wa hifadhi mbele na jingine nyuma. Bibi watatu walitoka na vibuyu, wakachovya majani kwenye maziwa wakaturushia kutubariki, mimi nikapata matone kwenye miwani. Mpiga picha wa kamati akamwomba nesi avae shanga. Alizivaa, akapigwa picha mbili, akazivua akampa mmoja wa wale bibi amtunzie.

Mwanzo nilidhani nitakufa kwa vumbi. Baadaye nilizoea, na ndipo nilipoanza kuiona nchi. Ukiwa garini, kutoka Endulen mpaka barabara kubwa ni mwendo wa kuchoka mgongo tu. Kwa miguu niliona jinsi boma moja lilivyo mbali na lingine, jinsi mlima mdogo unavyokataa kwisha, na jinsi maji yanavyopatikana mahali pamoja na kisha hayapatikani tena kwa muda mrefu. Akina mama walikuja kando ya barabara kututazama. Wengine walikuwa na mimba. Nilijaribu kufikiria kuupanda mlima ule na uchungu, au juu ya punda, nikashindwa, kwa sababu mimi mwenyewe, mzima, na maji kila baada ya muda, nilikuwa natafuta visingizio vya kutembea.

Tulifika njia panda alasiri. Nilikuwa nimeingoja na kuiogopa siku nzima. Hapakuwa na kitu. Majani yalikuwa makavu na mafupi, punda wawili walikuwa wakila, gari la watalii lilipita na kutuachia vumbi. Nesi aliniona nimepunguza.

"Ni hapa?"

"Hapa. Upande ule."

Aliangalia pale nilipoonyesha. Akasimama, na mimi nikasimama. Wenzetu wakatupita. Alisema maneno machache kwa Kimasai, kwa sauti ya chini, hayakuwa ya kuniambia mimi, na sikuuliza maana yake. Kisha akafuta uso kwa kiganja.

"Twende, baba. Tutapoa."

Tulilala kwenye madarasa ya shule moja juu ya ukingo wa kreta, kwa baridi iliyoingia mpaka kwenye meno. Asubuhi miguu yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nilishuka ngazi mbili za darasa kwa kinyumenyume. Ukungu ulikuwa mzito. Kule msituni tulisimamishwa muda mrefu kwa sababu nyati dume alikuwa amesimama katikati ya barabara, akitutazama kama mwenye nyumba. Askari hawakumharakisha. Tulirukaruka mahali pamoja tusigande, watu wazima kumi na tisa, na mtu mmoja akaanzisha wimbo wa mchakamchaka, tukaitikia kwa sauti ndogo ili nyati asikasirike. Nesi alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwahi kumwona akicheka namna ile.

Kuteremka kwenda getini ndiko kulikoniua. Magoti yaliwaka. Baada ya geti ilikuwa lami, na kwenye lami paja la kulia lilikaza nikaanguka kando, kwenye mfereji. Nesi alinikalia mguu akaukanda kwa viwiko bila huruma, nikapiga kelele.

"Wanaojifungua hawapigi kelele hivi," alisema.

"Waambie wakimbie kwanza."

Akanivuta nikasimama. Kilomita za mwisho nilizitembea zaidi ya kukimbia, naye alibaki kando yangu ingawa angeweza kufika mapema na kupumzika. Mke wangu alikuwa ametoka mpaka mwanzo wa mji kunipokea, na kanga mabegani na chupa ya uji, akatembea nasi mpaka uwanja wa hospitali. Walikuwa wakisalimiana yeye na nesi kupitia mbele ya kifua changu, wakiulizana habari za watoto, kama vile mimi ni uzio.

Hatukuwa wa mwisho. Nyuma yetu alikuwepo mwalimu mmoja mstaafu, lakini yeye alikuwa na miaka sabini.

Nyumba ilichukua muda kuliko tulivyoambiwa. Michango mingine ilikuwa ahadi tu, mvua ziliharibu matofali, na kamati ikagombana kuhusu bati. Lakini mwaka jana vyumba viwili viliezekwa, na wanawake wa kwanza wakaingia kabla hata choo hakijamalizika.

Nilikwenda kupaona siku moja nilipokuwa sina safari. Nesi alikuwa zamu. Nje ya mlango alikaa mwanamke kijana, tumbo kubwa, miguu ameinyoosha juani, akimenya viazi ndani ya beseni. Alikuwa ametoka Kakesio wiki iliyotangulia kwa gari la mnada. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye raba zangu.

"Wewe ndiye fundi wa choo?" akauliza.

"Hapana, mama. Nimekuja kuangalia tu."

"Kuangalia nini? Choo hakuna, na magodoro mawili yako stoo tangu jana, hatuwezi kuyabeba sisi."

Nikamuuliza stoo iko wapi. Alinionyesha kwa kisu, nami nikaenda kuyachukua, moja baada ya jingine, kwa sababu yalikuwa makubwa.